Ekzosi ya IST na bei tatu za mafundi: nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, nina IST ya 2004, nimeinunua kwa mtu na haijawahi kunisumbua sana. Sasa toka mwezi uliopita asubuhi nikiiwasha inapiga tik tik tik kule mbele kwenye injini, ikishapata moto kelele inapungua mpaka nasahau. Nyuma nayo inavuma, majirani wanajua nimerudi. Kinachonitisha zaidi ni kwamba nikikaa foleni pale barabara ya Mandela na AC nimewasha nasikia harufu ya moshi ndani, na juzi mtoto wangu mdogo kalalamika kichwa kinamuuma. Taa ya injini imewaka na mafuta yanaisha haraka kuliko zamani. Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza wa hapa mtaani kasema tatizo ni masega (catalytic converter, kipande cha ekzosi kinachosafisha moshi), atayatoa na kuchomelea bomba tupu, elfu 90, na masega atabaki nayo yeye. Wa pili ni gereji kubwa, wamepima na mashine ikasoma kodi ya hitilafu P0171, wakanipa karatasi ya milioni 1 na elfu 150, ekzosi nzima mpya kuanzia mbele hadi nyuma pamoja na oksijeni sensa. Wa tatu ni fundi wa ekzosi kule mtaa wa Gerezani, kainama chini akasema ni gasketi ya mbele na bolti zake, pamoja na sailensa ya nyuma imeoza, elfu 180 kila kitu. Nimechanganyikiwa, bei zinapishana mno. Nimwamini nani?

JIBU: Dada yangu, bei tutazifikia, tuanze kwanza na kichwa cha mtoto. Moshi wa gari la petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Hiyo harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, ila ukiisikia ujue na ile isiyonuka imeingia nayo. Inaanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu anahisi usingizi, na watoto wanaathirika upesi kuliko wakubwa. Kwahiyo kuanzia leo hao watoto wasipande hilo gari mpaka litengenezwe, wapande daladala, bajaji, chochote. Na wewe kama lazima uliendeshe, mfano kulipeleka gereji, shusha vioo vyote na usikae nalo kwenye foleni. Akitokea mtu kazidiwa humo ndani mtoeni nje kwenye hewa haraka mumpeleke hospitali na mumwambie daktari wazi kwamba alikuwa anavuta moshi wa gari, maana bila kuambiwa anaweza kuhangaika na malaria.

Kwa nini harufu inaingia hasa kwenye IST? Angalia injini yake ilivyokaa, hizi za familia ya NZ (IST, Vitz, Probox na nyinginezo) upande wa kutolea moshi uko nyuma, unatazama ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako. Na hewa ya AC kama hujaiweka izunguke ndani kwa ndani inavutwa kutoka pale chini ya kioo cha mbele, yaani juu tu ya ukuta huohuo. Gari likitembea upepo unaufagia moshi, gari likisimama foleni moshi unapanda unavutwa ndani. Ndo maana unaisikia Mandela na huisikii ukiwa unakimbia. Na usije ukasema basi nitazungushia AC ndani kwa ndani yaishe, moshi unapenya hata kwenye matundu ya nyaya.

Sasa hiyo tik tik tik ya asubuhi. Chuma kikiwa cha baridi kimesinyaa, penye uwazi panavuja, kila silinda ikitema moshi unasikia mlio. Kikipata moto kinatanuka, uwazi unabana, kelele inapungua. Hii ni dalili ya kuvuja karibu na injini, ama kwenye manifoldi yenyewe (bomba la matawi linalopokea moshi kutoka kwenye injini), ama gasketi yake, ama pale manifoldi inapokutana na bomba la mbele. Kwenye gari lako hapo pana gasketi ya duara imebanwa na bolti mbili zenye springi, zimewekwa springi ili injini ikitikisika bomba lisivunjike. Springi zikichoka au bolti zikiliwa na kutu hapo panaanza kuvuja, na ni sehemu ya kutazamwa mapema kabla hujaanza kufikiria mambo makubwa.

Na hiyo P0171 nayo ielewe, kwa sababu hapo ndipo hela za watu zinapotelea. Kodi hiyo maana yake kompyuta ya gari imeona mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Haisemi oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo mgandamizo unashuka, kwahiyo penye tundu moshi unatoka na hewa ya nje inaingia. Hewa hiyo ikipita kwenye sensa, sensa inaripoti kwamba oksijeni ni nyingi, kompyuta inaamini petroli haitoshi, inaongeza petroli. Ndo mafuta yako yanapokwenda. Sensa inaweza kuwa nzima kabisa, imesema kile ilichokiona. Kodi hiyohiyo inaweza pia kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka upande wa kuingizia, au sensa inayopima hewa ya kuingia ikiwa imechafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka, kwahiyo fundi anayesoma kodi na papo hapo kuandika oksijeni sensa mpya kwenye karatasi, muulize amepima nini kingine. Ziba panapovuja kwanza, futa kodi, tembea nalo siku kadhaa, taa ikirudi ndo mzungumzie sensa.

Tuje kwa mafundi wako. Wa kwanza mi nasema hapana, na nasema kwa nguvu. Kama kuvuja kuko mbele ya masega, kuyatoa masega hakuzibi chochote, moshi utaendelea kutoka palepale na kuingia ndani palepale. Tena masega ndiyo yanayoibadilisha ile kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi kabla haijatoka nyuma, ukiyatoa unatembea na moshi mbichi, unaposimama unawavutisha bodaboda na watu wa kituoni. Na hiyo elfu 90 siyo bei yake halisi. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ni madini ya thamani, kuna watu wanapita kwenye magereji kununua masega yaliyotolewa. Fundi anayekutoza kazi na kubaki na masega amelipwa mara mbili na wewe umebaki na gari lenye tatizo lilelile. Hata siku masega yakifa kweli yakabidi kutolewa, hiyo ni mali yako, ondoka nayo.

Wa pili siwezi kusema ni mwizi. Inawezekana chuma chote cha chini kimeoza kweli, na kama kimeoza hiyo ekzosi nzima inaweza kuwa sawa. Ila bei kubwa inatakiwa ije na ushahidi mkubwa. Rudi pale uwaombe wapandishe gari juu wakuonyeshe kipande kwa kipande: manifoldi ina ufa wapi, bomba la mbele limetoboka wapi, la kati lina nini. Chukua bisibisi uchokonoe penye kutu, chuma kizima kinagonga ngo, kilichooza bisibisi inazama au magamba yanadondoka. Kutu ya juu juu yenye rangi ya chungwa kwenye gari la miaka ishirini ni kawaida, haitoshi kubadilisha bomba. Alafu hiyo milioni moja na elfu 150 wakuvunjie, spea ngapi, ufundi ngapi, bomba ni jipya la Toyota, jipya la kampuni nyingine, au mtumba, sensa ni ya nani. Sensa za Toyota nyingi zilitoka kiwandani zikiwa za Denso, na kuna za bei ya chini sana zinazofanana kwa macho tu. Gereji nzuri haikasiriki ukiuliza hivi. Wakikataa kuvunja bei au wakikuambia we mama hayo hutaelewa, chukua funguo yako.

Wa tatu ndo pekee aliyetaja mahali. Hilo kwangu lina uzito kuliko bei yake. Yaani nikipewa makaratasi matatu bila majina wala bei ningechagua lile linalosema ‘panavuja hapa, kwa sababu hii’. Lakini na yeye usimpe kazi kavukavu, kainama tu chini, na kuinama peke yake hakutoshi. Mwambie unataka apime mbele yako, na gari liwe la baridi, maana likishapata moto tundu linajificha. Gari lilale pale gerejini au aje nyumbani alfajiri. Awashe, kitambaa kinene kizibe mdomo wa ekzosi nyuma kwa sekunde chache tu, moshi ukikosa njia utatafuta matundu na mtasikia panapolia fsss. Kwenye maungio apulizie maji ya sabuni kabla chuma hakijawa cha moto, penye kuvuja povu linatoka. Na aangalie masizi, mstari mweusi kwenye ungio ni alama ya moshi uliokuwa ukipita hapo siku nyingi. Zoezi hili ni la nje kwenye uwazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Mlipe hela ya kupima hata kama hatatengeneza yeye, ni hela ndogo na ndiyo yenye faida kuliko zote utakazotoa.

Kuna swali moja la kumuuliza kabla hajagusa: bolti zikikatika itakuwaje? Bolti za ekzosi zimepikwa na joto miaka yote hiyo, zinakatika sana, na kutoa kipande kilichobaki ndani kunaweza kuchukua nusu siku, kutoboa, kuchomelea nati juu yake, kazi ya jasho kwelikweli. Fundi mkweli atakuambia mapema, kama zikikatika naongeza kiasi fulani. Elfu 180 isiyosema lolote juu ya bolti inaweza kukugeukia laki 3 gari likiwa limeshafunguliwa na huna pa kwenda nalo. Muandikishane, hata kwa meseji ya WhatsApp, kilichomo na kisichomo.

Na mimi katika ekzosi ya gari la zamani nina kanuni yangu, kadiri kipande kinavyokaribia injini ndivyo nisivyokubali mbwembwe. Kuanzia manifoldi mpaka masega, na bomba lote linalopita chini ya miguu ya abiria, hapo gasketi iwe mpya, bolti mpya, springi mpya, hakuna gundi, hakuna kufunga bati na waya. Ukikuta ufa kwenye manifoldi usikubali kuchomelewa kirahisi kama bomba, zile za chuma cha kusubu zinataka kupashwa moto kwanza na vijiti vyenye nikeli, bila hivyo ufa unarudi pembeni ya palipochomelewa, mara nyingi manifoldi ya mtumba iliyo nzima ni afadhali. Sailensa ya nyuma ni habari nyingine. Hiyo ikichomelewa vizuri au ikiwekwa ya mtumba nzima, kelele inaisha na hakuna aliyeumia. Kwahiyo kama hela haitoshi zote mbili kwa pamoja, ya mbele ifanyike sasa hivi, ya nyuma uvumilie majirani mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ya kuchomelea hakikisha anatoa waya wa hasi wa betri, waya wa mashine aubane karibu na anapochomelea, na ajue tenki la mafuta liko wapi. Ukimaliza omba spea za zamani, na kesho yake asubuhi gari likiwa la baridi kabisa liwashe usikilize, kama tik tik bado ipo kazi haijaisha, rudi nalo siku hiyohiyo.

SWALI: Fundi nina Noah ya zamani yenye injini ya 3S, nabeba mizigo Morogoro kwenda Iringa. Kwenye mlima wa Kitonga inapanda kwa shida kama imefungwa kamba nyuma, ukikanyaga inanguruma lakini haiendi, na joto linapanda. Fundi mmoja anasema masega yameziba niyatoe, mwingine anataka kubadili gia boksi kabisa, bei sitaji maana nitalia. Naanzia wapi?

JIBU: Pole kaka, Kitonga na mzigo siyo pa kubahatisha. Kuziba kwa masega kunapimika, kwahiyo usiruhusu mtu akate bomba wala ashushe gia boksi kabla ya kipimo. Oksijeni sensa ya mbele inafunguliwa, kwenye tundu lake inafungwa geji ya mgandamizo. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa inatakiwa isome chini ya psi 1.5 hivi, ikipandishwa mpaka mizunguko 2,500 isizidi psi 3. Ikienda juu ya hapo moshi umekosa njia. Kama fundi hana geji, agonge masega kwa mkono au nyundo ya mpira gari likiwa la baridi, ukisikia vitu vinacheza ndani kama changarawe ujue yamevunjika na vipande vinaziba njia. Ila kutosikia kitu hakumaanishi yapo salama, geji ndo jibu.

Kipimo kikionyesha yameziba, hapo sasa ndo swali kubwa linaanza, na mafundi wengi wanaliruka: yamezibwa na nini? Masega hayazibi yenyewe tu. Kama gari linakula oili na moshi wa bluu unatoka, majivu ya oili yanayapaka ndani mpaka yanafunga. Kama plagi moja haichomi vizuri, petroli mbichi inakwenda kuwakia mle ndani, joto linapita kiasi na yanayeyuka. Ukiweka masega mapya bila kutibu hilo utarudi gereji kabla mwaka haujaisha, na ukiyatoa tu, ugonjwa wa injini unabaki na unaendelea kuila. Fundi wa kumpa kazi ni yule atakayekutajia na plagi, koili, na hali ya oili kwenye hesabu yake, hata kama jumla yake imekuwa kubwa kuliko ya mwenzake. Na gia boksi hebu iache kwanza, gia inayoteleza mizunguko inapanda bila gari kuongeza mwendo, gari lililozibwa moshi lenyewe mizunguko inagoma kupanda, ukitazama dashibodi wakati unapanda mlima utajua uko upande upi. Kama huna saa ya mizunguko, likiwa limesimama kanyaga taratibu usikie kama injini inapanda hadi juu au inakwama katikati.

SWALI: Salamu kutoka Likoni, Mombasa. Probox yangu sailensa ya nyuma nishachomelewa mara kadhaa, kila baada ya miezi michache inatoboka tena. Sasa nimepewa bei tatu kwa shilingi za Kenya, ya kuundwa na jua kali (mafundi wa mtaani) 3,500, ya eksi-Japani (mtumba kutoka Japani) 6,500, mpya dukani 11,000. Nataka kuchukua hiyo ya jua kali maana gari lenyewe limezeeka. Wasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, kila petroli inayoungua inatoa maji, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji yakiwa mvuke. Safari zako zikiwa fupifupi, ferry, soko, nyumbani, sailensa haipati moto wa kutosha kuyakausha, yanatuama ndani yamechanganyika na asidi yanakula bati kutoka ndani, na nje chumvi ya bahari inalila kwa upande wake. Ndo maana kiraka hakikai, fundi anachomelea juu ya bati ambalo limeshakuwa jembamba kama gazeti. Kuchomelea tena acha.

Ya jua kali sina neno nayo ila uliza bati ni geji ngapi. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Uliza pia ndani ameweka nini, wengine wanaunda kopo tupu na mvumo unabaki vilevile. Akikupa geji 16 na ukaona mwenyewe kabla hajafunga kifuniko, hiyo 3,500 ni bei nzuri. Ya eksi-Japani iangalie sana, kuna magari yaliyotembea sehemu za theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, sailensa imeletwa imepakwa rangi nyeusi inang'aa na ndani imekwisha, kwahiyo itikise, ukisikia magamba yanacheza rudisha, na uibonyeze kwa kidole gumba kwenye mishono. Ikiwa nzima kweli naona ndiyo ya kuchukua, maana bati lake la kiwandani mara nyingi limepakwa alumini na linastahimili kutu kuliko bati la kawaida. Hiyo mpya ya 11,000 nitaikubali ukipata dhamana ya maandishi, hata ya miezi sita.

Kabla hujalipa yoyote kati ya hizo, kagua mipira inayoishikilia ekzosi. Mmoja ukiwa umekatika sailensa inaning'inia, inavuta ungio, na hata ya 11,000 itapasuka. Alafu sailensa nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini cha kutolea maji, ukimwona fundi anataka kukichomelea akidhani pametoboka, mzuie.